Kuacha uigizaji au kuupunguza?

Mwigizaji wa vichekesho Rick Moranis alifiwa na mkewe mwaka 1991, akabaki na watoto wawili wadogo. Alijaribu kuchanganya malezi na safari za kurekodi filamu, ikamshinda; miaka ya 1990 haijaisha akawa ameweka kazi pembeni. Mwigizaji mwingine, Daniel Day-Lewis, yeye hucheza filamu moja, kisha anatoweka miaka kadhaa, na bado ametwaa tuzo 3 za filamu za Oscar za mwigizaji bora.

Njia hii ya pili inavutia, ila ni ya mwenye jina tayari. Mwigizaji wa kawaida akipotea miaka 5, nani atampigia simu? Tena hata filamu moja humtoa mzazi nyumbani alfajiri na kumrudisha watoto wameshalala. Kwa anayelea peke yake, ningechagua ya Moranis, ilimradi akiba ipo.