Printa ya tanki la wino: miezi 20 steshenari, halafu ikajifunga yenyewe

Nimeitumia hii printa ya tanki, zile za rangi nne unajaza wino kwa chupa, miezi 20 kwenye steshenari yangu hapa Mbagala, kwahiyo naandika kwa anayetaka kununua, maana mi nilipouliza watu wote walinisifia wino tu, wino hauishi, hakuna hata mmoja aliyenitajia sponji.

Uzuri wake upo na siufichi. Niliichukua Kariakoo laki 6 na nusu, mpya kwenye boksi. Chupa moja ya wino mweusi inakula rimu na rimu, maandishi yamekolea, picha za paspoti wateja wanazipenda, hata ukiweka rimu za bei chee karatasi hazikwami ovyo. Hela yangu ilirudi ndani ya miezi mitano hivi. Kwa kuprint tu ningeipa nyota 5 na nisingebishana na mtu.

Sasa mwezi wa nane, wiki ya mock ya form four, mwalimu kaniletea kazi ya kopi mia nne, nipo kwenye themanini na kitu, ikasimama. Taa mbili nyekundu zinawaka kwa zamu, kwenye kompyuta yamekuja maandishi kwamba pedi ya kunyonya wino imefika mwisho wa maisha yake, peleka kwa wakala. Nikazima nikawasha, nikachomoa waya nikasubiri nusu saa, wapi. Wino umejaa, hedi (kile kichwa kinachomwaga wino kwenye karatasi) nzima, ukiiwasha unaisikia inanguruma vizuri kabisa ila haitoi hata ukurasa mmoja, na skana ambayo haitumii hata tone la wino nayo imegoma!! Kazi ya mwalimu ikaenda duka la pili.

Nilikonunua wakaniambia waranti ni mwaka 1 au kurasa 30,000, kinachowahi, kwahiyo yangu imeshapita, bora nichukue mpya watanipunguzia kidogo. Laki 6 nyingine niitoe wapi, na hii inanguruma hapo mezani?

Fundi mmoja kijana ndo alinielewesha. Kaiangalia kidogo akasema dada, hii haijafa, imehesabu tu. Yaani iko hivi, kila ukiclean hedi kuna wino unafyonzwa na kumwagwa kwenye sponji iliyoko chini, ndo hiyo pedi, ukiprint picha zisizo na mpaka mweupe ule wino unaopita pembeni nao unaishia humo humo, na hata ukiiwasha inajisafisha kidogo, sasa fikiria huku kwetu umeme ukikatika mara tatu kwa siku. Printa haina namna ya kuiona hiyo sponji. Ina kaunta kwenye memori, inajumlisha, namba ikifika inajifunga. Akafungua skrubu moja kwa nyuma akaivuta sponji tukaitazama wote: nusu nyeusi inachuruzika, nusu nyingine nyeupe kama pamba ya dukani.

Akachomeka laptop yake, akaresetisha kwa programu ambayo kii yake inanunuliwa mtandaoni na inafanya kazi mara moja tu, haikufika dakika kumi. Jumla elfu 35.

Mi nakubali wino ukijaa unaweza kumwagika ukaharibu meza, kwahiyo kuhesabu sio kosa. Kinachoniuma ni kwamba sponji ya bei ndogo vile wameificha ndani, hakuna onyo la miezi miwili kabla, hesabu yenyewe huioni popote, na wanajua fika mtu wa kawaida akiona "mwisho wa maisha" ataamini imekufa. Jirani yangu wa mtaa wa pili yake ilitoa taa hizo hizo mwaka jana, akawaita watu wa chuma chakavu, wakang'oa vyuma wakaondoka navyo, plastiki yote na wino wake ikaishia kwenye mtaro. Printa nzima! Ningekuwa najua ninachojua leo ningemkimbilia.

Na mchezo huu ni wa zamani, mwaka 1924 makampuni makubwa ya balbu duniani yalikaa Geneva yakakubaliana balbu isivuke saa 1,000 wakati zilikuwa zinafika 1,500 mpaka 2,000, na kampuni ambayo balbu zake zilidumu kupita hapo ilipigwa faini na wenzake. Ufaransa tangu 2015 kufupisha maisha ya bidhaa kwa makusudi ni kosa la jinai, kifungo hadi miaka 2 na faini hadi euro 300,000. Mi sina haja mtu afungwe, nataka sponji iwe na mlango wake na ziuzwe dukani kama wino.

Kwahiyo nyota 3. Kama unataka ya biashara ulizia modeli ambazo boksi la wino mchafu unalitoa mwenyewe na kubadilisha, zipo, zinazidi bei kidogo ila zidisha tu. Kama unayo kama yangu usiclean hedi kila asubuhi kwa mazoea, isipokuwa umeona mistari, na tafuta fundi mapema kabla ya msimu wa mitihani. Na ukiresetisha bila kubadilisha sponji utakuja kufuta wino mezani, hapo kampuni haijadanganya.

Yangu fundi alichomeka mpira mwembamba, wino mchafu unatoka nje unaingia kwenye chupa ya maji ya nusu lita. Leo mwezi wa tano, nimeiangalia asubuhi, haujafika vidole viwili.