Miezi minne, jicho moja: darasa langu la kuchora Kisumu

Mimi ni mchoraji wa mabango, Kondele. Kuta za vinyozi, menyu za hoteli, kuku wa duka la dawa za mifugo, hizo ndizo zimenilisha miaka tisa. Mwaka jana mteja aliniletea picha ya marehemu babake nimchore ukutani sebuleni. Nilipomaliza alisimama kimya, kisha akasema, "Fundi, huyu ni ndugu yake." Alinilipa, lakini maneno yale hayakunitoka. Ndipo mwezi wa tatu nikajiandikisha katika studio moja ya Milimani inayofundisha uchoraji wa kale wa Ulaya, ule wa kuchora kitu jinsi kilivyo.

Karo ni shilingi 9,000 kwa mwezi, asubuhi tatu kwa wiki. Vifaa ni juu yako, na hilo sikuambiwa hadi nilipokwisha kulipa. Karatasi ya kuchorea kwa mkaa sikuipata mjini. Niliagiza Nairobi, ikaja na basi, kona moja imekunjika.

Nilidhani nitapewa brashi. Wapi! Wiki sita za kwanza ni kunakili michoro ya Charles Bargue, Mfaransa aliyeiandaa pamoja na mchoraji Jean-Léon Gérôme miaka ya 1866 hadi 1871, mwanafunzi azoeze jicho kabla hajamkabili mtu hai. Iko 197. Mimi nilinakili mitatu. Ukipita hapo unapewa sanamu ya plasta, nami nikapewa jicho la Daudi, ile sanamu maarufu ya Michelangelo wa Italia, jicho moja tu, kubwa kuliko kiganja changu kwa sababu Daudi mwenyewe ana urefu wa zaidi ya mita 5.

Namna yao ya kuchora ndiyo inayostahili pesa. Karatasi inasimamishwa ubavuni mwa sanamu. Unarudi hatua nne hivi, unazungushia nyayo zako chaki sakafuni, na kuanzia hapo kutazama ni kwenye hiyo chaki tu, ambapo sanamu na mchoro vinaonekana ukubwa mmoja. Unainua timazi, uzi wenye risasi kama wa mwashi, unaona kona ya jicho imeangukia wapi, unatembea mbele, unaweka alama moja, unarudi. Asubuhi nzima ni nenda rudi. Ukiganda mbele ya karatasi mwalimu anasema, "Rudi nyuma," na haongezi neno. Siku moja nilihesabu mara kumi na saba. Ya kumi na nane hakusema kitu. Alichukua kitambaa akapangusa ukope wa juu, kazi yangu ya siku tatu, akaenda zake.

Nilitoka nje nikanunua mahindi choma nisije nikatamka neno baya. Niliporudi nilisimama kwenye chaki, nikafinya macho, nikaona. Nilikuwa nimechora ukope kama mstari wa bango, na pale hapakuwa na mstari wowote, ni kivuli kinachofifia polepole hadi kikapotea. Hata hivyo angeniuliza kabla ya kufuta. Karatasi ni yangu.

Nidhamu yao ni kali. Simu zinaachwa kapuni mlangoni, muziki hakuna, ukichelewa dakika kumi unangoja mapumziko ndipo uingie. La kuchelewa nilizoea. Ule ukimya ndio ulionisumbua, maana kwetu kazini redio haizimwi.

Wanafunzi waliotangulia huletewa mtu wa kukaa achorwe, chumba hicho hicho. Anakaa dakika 20, anapumzika 5, na miguu yake imewekewa alama za tepu sakafuni ili arudi pale pale. Hapa nawapa heko. Haguswi, hapigwi picha, mwili wake haujadiliwi hata kwa utani. Akijisogeza, ni mwalimu peke yake anayemwelekeza. Kijana mmoja alitania tumbo la mzee aliyekuwa amekaa, mvuvi wa Dunga, akimteta na jirani yake kwa Kijaluo kwa kudhani mwalimu hakielewi. Anakielewa vizuri sana. Kijana aliambiwa afungashe mkaa wake, na karo hakurudishiwa. Kumtoa ni sawa. Kula karo yake, hapana.

Kasoro kubwa ni dirisha. Wachoraji wa Ulaya hupenda dirisha la kaskazini kwa kuwa kwao jua halipigi sana upande huo, mwanga unatulia siku nzima. Studio ikaiga hivyo hivyo. Lakini Kisumu iko karibu juu ya ikweta! Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Septemba, jua la mchana liko kaskazini yetu. Mwezi wa sita kivuli cha jicho langu la plasta kilikuwa hakitulii; nikienda mbele kuweka alama, nikirudi kimehama. Wakatundika shuka dirishani, chumba kikawa tanuri, na jasho likidondokea mkaa linaacha doa lisilofutika kwa kifutio chochote.

Kwa yule mteja nilirudi, nikamrekebisha babake bila malipo. Macho yamekubali, hata mamake alisema. Masikio sijafundishwa bado, kwa hiyo nimelipa muhula mwingine, ule wa Oktoba, jua likishavuka kwenda kusini.