Unga wa lishe wa Darajani: upi ubebe, upi uuache

Ukiingia Darajani, Mwanakwerekwe au soko la Chake Chake, unga wa lishe utaukuta wa namna tatu: uliotiwa katika mfuko mweupe usio na maandishi, ulio katika pakiti yenye nembo, na ule unaonunua nafaka zake mwenyewe ukasagiwa mbele ya macho yako. Hukumu tunaitoa mapema: wa tatu ndio unga. Wa pili unafaa ukiisoma pakiti kabla hujalipa. Wa kwanza mwachie muuzaji, hata akikupunguzia bei.

Mfuko mweupe husifiwa kwa wingi. Utaambiwa una aina kumi na mbili: mtama, ulezi, uwele, mahindi, mchele, ngano, soya, njugu nyasa, kunde, choroko, ufuta, mbegu za maboga. Lakini hizo sita za mwanzo zote ni nafaka, na kazi yake kubwa mwilini ni moja, wanga. Ukizichanganya hujapata lishe sita. Tena kila kimoja kina namna yake ya kuoshwa, kukaushwa na kukaangwa; vikimwagwa pamoja mashineni, kimoja kibichi huharibu vyote.

Kinachoharibu zaidi ni soya. Soya mbichi ina kitu kinachozuia tumbo lisisage protini, kwa hivyo mtoto ananyweshwa uji kwa ajili ya protini na protini yenyewe inampita, akabaki na tumbo lililojaa gesi. Kuchemsha uji dakika tano hakuondoi tatizo hilo. Soya iliyotengenezwa sawasawa hutiwa katika maji yanayotokota, ikachemka kiasi cha nusu saa, ikasuguliwa maganda, ikaanikwa mpaka ikakauka kabisa, ndipo ikakaangwa kwa moto mdogo hadi ikaingia rangi ya dhahabu. Unga wake hunukia kama njugu za kukaanga. Omba uonje ncha ya kidole: ukipata ladha ya maharage mabichi na harufu ya majani, rudisha mfuko.

Njugu nyasa nazo hazifai kusagwa pamoja na unga wa kuweka. Mafuta yake, katika joto na unyevu wa visiwani, huanza kunuka baada ya wiki chache. Na kuna jambo zito kuliko harufu: sumukuvu, ambayo hukaa zaidi katika mahindi na njugu zilizohifadhiwa vibaya. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara waliokula mahindi yenye kuvu. Moto wa jikoni hauimalizi. Punje iliyosinyaa, iliyovunjika, iliyobadilika rangi au yenye ukungu unaweza kuiona ukaitupa. Ikishasagwa, huwezi tena kuchagua. Kwa sababu hii peke yake, tungemsihi kila mzazi anayemlisha mtoto anunue punje, si unga.

Kwenye pakiti, tafuta alama ya ZBS, yaani Taasisi ya Viwango Zanzibar, na tarehe ya kutengenezwa, kisha soma vilivyomo. Kinachotajwa mwanzo ndicho kingi. Sukari ikiwa ya pili katika orodha, pakiti hiyo haifai kuitwa lishe. Maneno ya "huongeza damu, hutibu kisukari" yapuuze. Uji wa unga laini hupandisha sukari ya mwenye kisukari haraka, hata ukiwa wa ulezi mtupu. Wala nafaka na kunde kavu hazimpi mtu vitamini B12, na vitamini C yake ni kama hakuna. Mgonjwa mwenye kidonda anaihitaji sana hiyo C, basi chungwa, pera au embe liwe pembeni ya bakuli.

Kwa anayekwenda kusagisha: vibaba vitatu vya nafaka, aina moja au mbili zinatosha, kwa kibaba kimoja cha soya iliyokwisha kukaangwa, au choroko za kukaangwa kama soya inakusumbua. Usikoboe. Ukifika mashineni, tia kwanza konzi moja ya nafaka yako ipite, uimwage, kwani mashine nyingi zimetoka kusaga bizari au pilipili ya mtu mwingine. Unga ukitoka una moto. Usiufunge! Utandaze kwenye sinia safi mpaka upoe, la sivyo utatoa jasho ndani ya chombo na ukungu utaanza chini, usikouona. Saga wa wiki tatu au nne tu.

Kosa la jikoni ni uji mwepesi, ambao mgonjwa hushiba maji. Vuruga kikombe kimoja cha unga katika maji baridi, mimina katika maji ya moto, jumla yote iwe vikombe vinne, pika robo saa huku ukikoroga. Utakuwa mzito. Hapa ndipo kimea cha ulezi kinapofanya kazi: uache upoe mpaka uwe vuguvugu, tia kijiko kimoja cha chai cha unga wa kimea, koroga, na katika dakika chache utauona unalegea wenyewe bila kuongezwa tone la maji. Urudishe motoni utokote tena kidogo, kisha tia tui au njugu ulizotwanga siku hiyohiyo. Kimea ni ulezi ulioroweshwa usiku mmoja, ukafunikwa kitambaa kibichi siku mbili tatu mpaka ukatoa mikia, ukaanikwa juani ukasagwa.

Mtoto aliye chini ya miezi sita hapewi uji huu hata kidogo. Yeye ni maziwa ya mama tu. Chai ya rangi isinywewe pamoja nao, kwa sababu huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Ipishe saa moja. Na anayetaka kuongeza dagaa wa kusaga ajue kwamba wengi huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa. Waroweke, mwaga maji mara mbili, wakaushe upya juani, watoe vichwa ukipenda, ndipo uwasage peke yao. Kijiko kimoja katika bakuli la mtoto kinatosha.