Tahadhari kwa wenye skuta Mtwara: jirani yangu kauziwa CDI yangu kama mpya

Ndugu zangu wa Mtwara, hasa akina mama tunaozungukia biashara kwa skuta, someni hii kabla hamjamkabidhi mtu ufunguo. Msimu wa korosho unakaribia, pesa zitaingia, skuta zitanunuliwa, na mafundi matapeli wa spea wanalijua hilo kuliko sisi.

Mimi nauza samaki wa kukaanga. Alfajiri nachukua mzigo Mikindani, ndoo moja naibana kwa miguu pale mbele, nyingine naifunga nyuma, narudi mjini. Ni kilomita 10 hivi. Mwezi wa sita skuta ikaanza kunizimia njiani. Haikuwa inamisi kama iliyoishiwa mafuta. Inazima pap, kama mtu kazungusha ufunguo. Nikiitikisa kidogo inawaka. Siku nyingine nabonyeza stata, inalia tik, kimya.

Nikaipeleka kwa fundi mmoja anayekaa kwenye baraza la duka la spea. Hakushika testa (mita ya kupimia umeme), hakufungua plagi kuangalia moto. Alifungua kava, akachomoa CDI, kile kiboksi kidogo kinachoamrisha cheche ya plagi, akainusa (jamani, aliinusa!), akasema, "Mama, hii imeshakufa." Duka liko hatua tano kutoka alipochuchumaa. Nikalipa 35,000. Akafunga, skuta ikawaka, nikashukuru na kumwachia ya soda. Ile ya zamani akasema niache tu, ni takataka, akaitia kwenye droo.

Siku mbili, ikazima tena. Safari hii koili, 20,000. Wiki iliyofuata betri, 60,000. Ukijumlisha na ufundi wake wa 5,000 kila nilipokwenda, imenitoka 130,000, na skuta inazima vilevile, tena palepale kwenye mashimo.

Mtoto wa dada yangu alikuja kutoka Masasi. Kasoma umeme wa magari VETA. Hata kikombe cha chai hakijaisha akaniuliza, "Mama mdogo, ikizima, honi inalia?"

Nikafikiri. Hailii. Na taa za dashibodi nazo zinapotea. Akacheka mpaka nikaudhika. "CDI ikifa, honi haifi," akasema.

Hapo ndipo nataka mnielewe, maana ningelijua hilo mapema pesa yangu ingekuwa mfukoni. CDI kazi yake ni moja tu, kuituma koili ipige cheche kwenye plagi kwa wakati wake. Haina habari na honi, haina habari na indiketa wala taa. Kwa hiyo skuta ikizima na honi bado inalia kwa nguvu, indiketa zinawaka, hapo ndipo uende kwenye plagi, koili, CDI na pikapu ya magneti (kile kinachoiambia CDI wakati wa kupiga). Lakini vikipotea vyote kwa pamoja, tatizo liko nyuma zaidi, kunakotoka umeme: betri, fyuzi, swichi ya ufunguo, au waya wa kurudishia umeme kwenye betri, ule mafundi wanauita ethi. Fundi anayekuuzia CDI wakati honi imekufa, ama hajui kazi, ama anaijua vizuri sana.

Kijana akatoa testa. Ncha moja akaigusisha hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha injini, akaniambia nibonyeze stata. Kama waya wa ethi ni mzima, mita inatakiwa isome karibu na sifuri, isizidi nusu volti. Ikasoma 6 na ushee. Tukafungua ubao wa kuwekea miguu, maana betri ya skuta yangu inakaa humo chini. Waya kwa nje ulikuwa mweusi mzuri kabisa. Alipouchana kwa wembe, ndani hakuna shaba, kuna unga wa kijani. Umeshikiliwa na nyuzi tatu nne tu, ukipita kwenye shimo zinaachia.

Nani kauozesha? Mimi mwenyewe, na ndoo yangu ya samaki. Mwaka mzima maji ya chumvi yanachuruzika miguuni, yanapenya kwenye ubao. Hilo simlaumu fundi. Na betri ilikuwa haijai kwa sababu hiyohiyo, umeme wa kuchaji ulikuwa haupati njia. Waya mpya wa nusu mita, msasa kwenye chuma, boliti, grisi kidogo juu yake. Gharama 3,000. Injini ikiwa inavuma, betri sasa inasoma volti 14, na kawaida ni kati ya 13.5 na 14.5 hivi.

Mpaka hapa mngeweza kusema ni fundi kanjanja tu, wapo wengi. Sikilizeni ya pili.

Jirani yangu ana skuta kama yangu. Ilikataa kuwaka, akaenda duka lilelile, akauziwa CDI "mpya, orijino" kwa 35,000, ndani ya kiboksi na nailoni. Akafunga, haikuwaka. Akamletea kijana wetu. (Yake ilikuwa swichi ya stendi ya pembeni tu, imejaa mchanga. Skuta yake hukata moto stendi ikiwa chini, na swichi ilikuwa inadhani stendi iko chini muda wote.) Kijana anaichomoa ile CDI, mimi nimesimama pembeni na bakuli la unga, nikaona doa jekundu kwenye pembe yake.

Rangi yangu ya kucha.

Mwaka jana tulipoipeleka skuta kupigwa rangi, kijana alitia alama soketi zote ili tusizichanganye wakati wa kurudisha. Alitumia kichupa changu, na alitia tone palepale soketi inapokutana na kifaa, nusu huku, nusu kule. Tukaichukua ile CDI ya jirani, tukaichomeka kwenye soketi ya skuta yangu. Nusu mbili zikakutana, tone likawa duara. Nikapiga stata. Ikawaka mara moja, na ndiyo ninayotembelea hadi leo. Ile "iliyokufa".

Tulikwenda dukani, wanawake watatu na kijana. Muuzaji kwanza akasema bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Halafu akasema huenda alama hiyo ni ya kiwandani. Kiwanda gani kinatumia Cutex? Suala limefika kwa mwenyekiti wa mtaa. Jirani karudishiwa pesa yake. Mimi bado, kwa sababu karatasi niliyopewa imeandikwa "spea 1" na jumla, haina jina la duka wala tarehe. Ndiyo maana jina lao siliweki hapa mpaka limalizike. Ila mtawajua kwa mwenendo: fundi na duka ni kitu kimoja, hapimi kitu, kifaa cha zamani hakirudi mkononi mwako.

Kwa hiyo, ukibadilishiwa chochote, dai kile cha zamani uondoke nacho, hata kama kimekufa kweli. Akikataa, umeshapata jibu. Tia alama zako leo, CDI, koili, rektifaya (inayosimamia umeme wa kuchaji betri), hata betri. Kifaa kipya kitazame meno yake ya shaba kabla hujalipa. Ambayo haijawahi kuchomekwa meno yake yanang'aa sawasawa. Iliyokwisha tumika ina mikwaruzo ya soketi, na hiyo haifutiki hata wakipiga petroli. Dai risiti ya EFD. Bila hiyo hata mwenyekiti atakuonea huruma tu, na ukitaka kuipeleka habari ya spea bandia Tume ya Ushindani utaanzia wapi?

Na mnaonunua CDI za skuta za Kichina zenye injini ya aina ya GY6, hapa wengi wanapigwa bila kujua. Kuna inayokula umeme wa betri na kuna inayokula umeme wa magneti (jenereta ya injini) moja kwa moja. Kwa sura ni mapacha, na mara nyingi soketi inaingia bila ubishi. Ukifungiwa isiyo yake plagi haitoi moto, na mtu wa namna hii hatakwambia kakosea, atakwambia koili nayo imekwenda. Peleka ile ya zamani dukani mkononi mwako, ulinganishe.

Kuangalia moto si kazi ya kusubiri fundi. Fungua plagi, irudishe kwenye kofia yake, ilaze igusane vizuri na chuma cha injini, piga stata mahali penye kivuli. Cheche ya bluu inayosikika tak tak, huna shida ya CDI. Usiishike kwa mkono, ule umeme ni maelfu ya volti, na hakikisha hakuna petroli iliyomwagika karibu.

Ile CDI niliyouziwa mimi, ya 35,000, ninayo kabatini. Sasa nimeitazama vizuri: meno yana mikwaruzo, nyuma kuna gundi ya lebo iliyobanduliwa, na upande wa chini mtu kachora herufi kwa msumari. Kama skuta yako ilichomolewa CDI hapa mjini kati ya mwezi wa tano na wa sita, niambie ni herufi gani, uje uchukue mali yako.