Unga wa asidi ya oksaliki: doa jeusi unaliweza, mengine msiutwishe

Unga huu mweupe, unaofanana na chumvi laini, huuzwa kwa ajili ya kung'arisha mbao. Kwa doa jeusi lililoachwa na chungu cha maua, au weusi unaozunguka msumari uliopata maji, hatujaona dawa ya kuushinda. Ukiununua kwa ajili ya wino wa kisasa au mafuta utakuwa umepoteza pesa, maana kazi yake ni hiyo moja.

Weusi ule si uchafu. Ni tanini, kemikali ya asili iliyomo ndani ya mbao, hasa za mwaloni, imekutana na chuma penye unyevu na kuzaa rangi ileile ya wino wa zamani. Sabuni haiwezi kuitoa, na msasa unaweza kula ubao kabla ya kufika mwisho wa doa. Asidi hii hukishika kile chuma na kukigeuza kitu kinachoyeyuka majini, ndipo weusi unapofifia.

Basi lipime doa kwanza. Duara jeupe la kikombe kwa kawaida ni unyevu ulionaswa ndani ya vanishi, na unga huu hauna la kufanya hapo. Likiwa jeusi, kwangua vanishi sehemu ndogo, udondoshe tone la dawa, yaani unga uliokorogwa majini kama ilivyoelezwa hapa chini. Likianza kufifia baada ya dakika 10 hivi, ni chuma. Mkojo wa paka au mbwa uko katikati: weusi hupungua, umanjano hubaki.

Koroga gramu 80 kwa lita 1 ya maji ya moto, kwenye ndoo ya plastiki. Ndoo ya bati haifai kabisa, kwani asidi italishambulia bati lenyewe. Vaa glavu za mpira na miwani ya kinga, fungua madirisha. Vanishi iwe imeondolewa kwa msasa namba 80, kisha 120, kwa sababu dawa haipenyi juu yake. Waya wa kusugulia sufuria usiusogeze karibu: vipande vyake hubaki kwenye nyuzi za mbao na kuzaa madoa mapya.

Paka ubao mzima, kiungo hadi kiungo. Ukipaka doa peke yake utaachiwa baka jeupe, ambalo kwa macho yetu ni baya kuliko doa lenyewe. Baada ya dakika 20 ongeza mkono wa pili, uache ikauke usiku kucha.

Kazi nyingi huharibikia asubuhi yake. Ubao utakuwa umetoka chembe nyeupe zinazometa, zimejipanga kufuata mishipa ya mbao. Usizifagie wala kuzipiga msasa. Vumbi lake huchoma pua na koo. Ziyeyushe kwa sponji na maji ya uvuguvugu, ukibadilisha maji angalau mara 3. Kisha futa kwa bikaboneti ya soda, ile ya kuumulia keki, vijiko 2 vya chakula kwa lita 1. Vipovu vikitokea, asidi bado ipo: rudia, umalizie kwa maji safi. Usiizidishe soda, kwani huupa mwaloni giza. Sponji iwe imekamuliwa vizuri muda wote, maana maji yakishuka kwenye viungo mbao hupinda. Asidi ikibaki, vanishi mpya haishiki, na baadaye hubanduka.

Acha ukauke siku 2 au zaidi. Maji huinua nyuzi, kwa hiyo pitisha tena msasa namba 120 kwa wepesi, barakoa ikiwa usoni, ndipo upake vanishi.

Kasoro kubwa ya bidhaa hii ni sura yake. Mtoto anaweza kudhani ni sukari, na ni sumu inayoua figo. Ihifadhi kwenye kopo lenye maandishi makubwa, mahali pa kufungwa kwa ufunguo. Wala usiichanganye na bleach ya klorini, maana hutoa gesi ya sumu.

Doa la miaka mingi huhitaji mizunguko 2 au 3. Likiwa bado jeusi baada ya wa tatu, ng'oa ubao huo uweke mwingine.