Kwa nini programu za kupima joto la prosesa hazikubaliani: uzoefu wangu

Kwa muda mrefu nimekuwa nikitumia HWiNFO, Core Temp, HWMonitor na programu iliyokuja pamoja na ubao mama wa kompyuta yangu, na ukizifungua zote kwa wakati mmoja utaona kila moja ikitoa kipimo chake cha joto. Prosesa yangu ya Intel ikiwa imetulia, programu ya ubao mama huandika nyuzi 34 za Selsiasi huku Core Temp ikionyesha 41 kwenye kiini kimoja (sehemu ya prosesa inayofanya hesabu) na 38 kwenye kingine. Nikiipa kazi nzito, pengo hilo hupanuka hadi zaidi ya nyuzi kumi. Watu wengi huhitimisha kwamba lazima mojawapo iwe mbovu. Kwa jinsi nilivyozitumia, mara nyingi hakuna iliyo mbovu, kwa sababu hazipimi kitu kimoja, na programu ninayoiheshimu ni ile inayoniambia wazi namba yake imetoka kwenye kihisi gani.

Core Temp husoma vihisi vya kidijitali vilivyomo ndani ya silikoni yenyewe, yaani kipande kinachobeba saketi za prosesa, kimoja kwa kila kiini. Kihisi cha Intel hakisemi moja kwa moja kwamba joto ni nyuzi 65, bali husema zimebaki nyuzi ngapi kabla ya kufikia kikomo cha joto kiitwacho TjMax, kisha programu hufanya hesabu ya kutoa: kikomo kikiwa 100 na kihisi kikisema zimebaki 35, utaandikiwa 65. Enzi za Core 2, prosesa za zamani za Intel, kikomo hicho hakikuweza kusomwa kutoka kwenye prosesa za kompyuta za mezani, hivyo waandishi wa programu walilazimika kukikadiria, na aliyekadiria 95 na aliyekadiria 105 walipishana kwa nyuzi kumi ingawa walisoma kihisi kilekile. Tangu kizazi cha Nehalem cha mwaka 2008 kikomo kimeandikwa kwenye rejista (hifadhi ndogo ya ndani) ya prosesa, na ubishi huo kwa sehemu kubwa umekwisha. Kilichobaki ni kwamba vihisi hivi viliwekwa hasa kuilinda prosesa inapokaribia kuungua, kwa hiyo usahihi wake hupungua kadiri joto linavyokuwa mbali na kikomo. Ndiyo maana siyabishanii tena yale ya 41 na 38 wakati kompyuta haina kazi.

Programu ya ubao mama hupitia njia nyingine kabisa. Juu ya ubao kuna chipu ya usimamizi, mara nyingi ya Nuvoton au ITE, ambayo hupokea kipimo kutoka kwenye kihisi kilicho karibu na soketi, yaani mahali prosesa inapochomekwa, au huiuliza prosesa yenyewe, na mtengenezaji wa ubao anaweza kukilainisha kipimo hicho ili feni zisipande na kushuka kila sekunde. Kihisi cha kwenye soketi kiko nje ya silikoni, kwa hiyo joto hukifikia likiwa limechelewa na limepungua. HWMonitor nayo huisoma chipu hiyohiyo, lakini haijui kila mara ni waya upi umeunganishwa na nini, na hapo ndipo yanapozaliwa majina kama TMPIN3 au AUXTIN yenye nyuzi 120 na zaidi, ambayo kwa kawaida ni pini isiyounganishwa na chochote. Nimewahi kuulizwa na watu waliojawa na hofu kuhusu mstari huo. Jibu ni kuupuuza.

Kwa upande wa AMD, mshindani wa Intel, suala lilikuwa gumu zaidi. Prosesa zake za Ryzen 7 1700X na 1800X za mwaka 2017 zilitoa thamani ya joto iitwayo Tctl iliyoongezwa nyuzi 20 kwa makusudi, ili udhibiti wa feni uwe wa namna moja kwa prosesa zote za familia hiyo, ilhali 1700 ya kawaida haikuongezwa kitu. Programu iliyojua habari hiyo ilipunguza 20 na kuonyesha Tdie, yaani joto halisi la silikoni. Isiyojua iliwatisha watu bure. Ryzen 7 2700X ilikuja na nyongeza ya nyuzi 10.

Wakati wa kusoma nao una uzito wake. Joto ndani ya silikoni hupanda na kushuka ndani ya kufumba na kufumbua, lakini HWiNFO isipobadilishwa mipangilio husoma kila baada ya sekunde mbili, na nyingine husoma kwa kasi tofauti. Isitoshe, moja huonyesha kiini chenye joto zaidi, nyingine wastani wa viini vyote. Vilevile, programu mbili zikiiuliza chipu ya ubao kwa wakati mmoja bila kupeana zamu, jibu la moja linaweza kuangukia kwa nyingine, na ghafla ukaona sifuri au namba isiyowezekana. Zinazofuata utaratibu wa kusubiriana haziingiliani, lakini ile ya ubao wangu haikuwa ikifanya hivyo, na nilipoifunga namba za ajabu zilikoma.

Niliyobaki nayo ni HWiNFO. Mistari yake ni mingi mno kwa anayeanza, na hilo ni dosari ya kweli, lakini hutenganisha vipimo vya prosesa na vya ubao, huonyesha umbali uliobaki hadi TjMax, na husema ndiyo au hapana kama prosesa imepunguza kasi kwa sababu ya joto. Mistari hiyo miwili ya mwisho ndiyo ninayoitazama kwanza. Core Temp naipenda kwa wepesi wake kwenye kona ya skrini. Programu ya ubao mama naifungua ninapotaka kurekebisha feni tu, kwa kuwa feni hutii kihisi chake na si kile cha Core Temp, kisha naifunga.