Hati Fungani ya Bluu ya Shelisheli: Bei Nzuri, Mlango Mwembamba

Oktoba 2018 Shelisheli ilitoa hati fungani ya bluu (hati fungani ni hati ya deni ambayo wawekezaji hununua na kulipwa riba), ya kwanza duniani kutolewa na nchi kwa ajili ya bahari, yenye thamani ya dola milioni 15 na muda wa miaka 10. Nimeipima kama ninavyopima bidhaa yoyote ya fedha: anayeuza ni nani, bei yake ni ipi, na mambo yakiharibika hasara inambakia nani.

Muuzaji ana historia nzito. Mwaka 2008 serikali ya visiwa hivyo ilishindwa kulipa riba ya hati fungani ya dola milioni 230, wakati deni lake lilikuwa limekwisha kuupita ukubwa wa uchumi wote wa nchi. Ikakimbilia Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF), ikaiachia rupia ijitafutie bei sokoni, na mwaka uliofuata wadai wa Klabu ya Paris, kundi la nchi zinazokopesha nchi nyingine, wakaifutia sehemu ya deni. Mkopeshaji mwenye kumbukumbu hampunguzii riba mtu wa namna hiyo eti kwa kuwa safari hii amekuja na habari za samaki.

Ndiyo maana nasema uzuri wa bidhaa hii haumo katika rangi yake bali katika wadhamini. Benki ya Dunia ilidhamini dola milioni 5, yaani theluthi ya mtaji, na Mfuko wa Mazingira wa Dunia ukatoa mkopo nafuu wa dola milioni 5 wa kupunguza makali ya riba. Riba ya hati hii ni asilimia 6.5, na asilimia 6.5 ya milioni 15 ni dola 975,000 kwa mwaka. Mzigo unaobaki kwa hazina ya Shelisheli ni sawa na asilimia 2.8, yaani dola 420,000. Pengo hilo linazibwa na mkopo ule, ambao nao ni deni, japo jepesi. Anayeisifia ile 2.8 bila kuutaja mkopo huo amesoma nusu ya risiti.

Matumizi ya fedha ndiyo yanayonitia shaka. Milioni 3 zilitengwa kwa ruzuku kupitia SeyCCAT, mfuko wa nchi hiyo wa uhifadhi na tabianchi, na milioni 12 kwa mikopo kupitia Benki ya Maendeleo ya Shelisheli. Mvuvi wa mshipi anayetafuta bourzwa, yule samaki mwekundu anayependwa sana huko, akiambiwa avue kwa kiasi ili samaki wazaliane, kipato chake hushuka kwanza, na marejesho ya benki hayamsubiri. Mimi ningeongeza ruzuku.

Kasoro nyingine ni mlango wa kuingilia. Wanunuzi walikuwa watatu tu, wote wa Marekani: Calvert Impact Capital, Nuveen na Prudential. Mwaka mmoja kabla, Kenya ilikuwa imewauzia wananchi wa kawaida M-Akiba, hati fungani ya serikali, kwa njia ya simu, kuanzia shilingi 3,000, kwa hiyo kumfungulia mlango mwananchi wa kawaida kunawezekana.

Tena deni hili ni la dola, na dola za Shelisheli huletwa kwa sehemu kubwa na watalii, ambao mwaka 2020 walipungua sana kwa sababu ya korona. Kilichoiokoa bidhaa hii hapo ni udogo wake, kwani dola milioni 15 zilikuwa takriban asilimia 1 tu ya pato la taifa wakati inatolewa.